Kitambaa cha Kiti cha Mzee Bujiku

Igawa, 3 Mei

Nimenunua daftari hili kwa sababu furaha niliyonayo imezidi kichwa changu, na wifi yangu Nyamizi amesema amechoka kuisikiliza. Huu ni mwezi wa pili tangu niolewe na Seni. Bado nikiamka nikaliona koti lake la kazi limening'inia mlangoni na madoa yake ya oili, nacheka peke yangu. Mume wangu ni fundi wa pawatila, vile vitrekta vya mkono vya mashamba ya mpunga. Mavuno ya mpunga yanaanza, na pawatila zote za Usangu zimekubaliana kuharibika kwa pamoja, kwa hiyo anatoka alfajiri na kurudi mikono myeusi. Mimi nashinda nyumbani nadarizi. Leo nimemaliza foronya zetu mbili. Nimeziandika kwa uzi mwekundu: *Wewe peke yako unanisahaulisha baridi.*

Maneno hayo si yangu. Yanatoka kwenye tamthilia ya zamani sana ya Kiingereza tuliyosoma kidato cha nne kule Iringa. Kusoma ni kusema tu. Shule nzima ilikuwa na nakala moja, ikafungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati ukapotea. Mwalimu Anania alikuwa akituandikia nukuu ubaoni nasi tunazikariri, maana kwenye mtihani jibu lisilo na nukuu halina alama. Nani anasema, anamwambia nani, kumetokea nini, hayo hatukuambiwa. Lakini nilizipenda kama nyimbo za kanisani. Nilizitafsiri mwenyewe, na Seni alipokuwa chuo cha ufundi cha VETA nilimtumia moja kila Jumapili kwenye simu. Anasema hiyo ya baridi ndiyo iliyommaliza.

4 Mei

Baridi kali. Seni amelalia foronya akaamka na shavu lenye alama ya neno "wewe". Nimeishi vizuri duniani.

10 Mei

Tumetoka kanisani tukaenda kwa wakwe, ng'ambo ya mfereji mkubwa, waliko na mashamba na ng'ombe wao. Ni Wasukuma waliohamia huku na mifugo kabla Seni hajazaliwa. Mimi ni Mhehe wa Kilolo. Mama mkwe nilimpenda tangu siku ya kwanza. Baba mkwe, Mzee Bujiku, sijui nimpendeje kwa sababu sijawahi kumtazama usoni. Mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani, hawapishani kwenye njia nyembamba, wala hawasemeshani. Hata kwetu Kilolo heshima hiyo ipo, lakini Mzee Bujiku anaishika kama katiba ya nchi. Akitaka kitu kwangu anamwambia mbwa wake, anayeitwa Polisi.

"Polisi," alisema leo, amenipa mgongo, "kama nyumba hii ina chai, mimi ningekunywa."

Nikamjibu Polisi kwamba chai ipo, inachemka. Polisi alikuwa amelala.

Njiani kurudi Seni aliniambia jambo ambalo limenipunguzia usingizi. Katika ukoo wao nyumba ya mtoto wa kiume haijawa nyumba mpaka baba aingie ndani na kula chakula alichopika mkewe. Mzee hufanya hivyo baada ya mavuno, tena akipenda. Kwa kaka yao mkubwa, Nashoni, hajaingia mpaka leo, na Nashoni ana watoto wanaokwenda shule.

"Kwa nini hajaingia?"

"Shemeji alimdanganya. Alisema ndama amekufa kwa ugonjwa, kumbe alimsahau mferejini. Angesema kweli, mzee angegomba siku mbili yakaisha. Ndama anasamehe. Uongo, hapana."

"Na kwetu ataingia?"

"Ataingia," alisema Seni. Lakini alisema akiangalia barabara.

13 Mei

Nimeota mzee amekuja kula na mimi sina hata chumvi.

17 Mei

Mpunga wa kwanza umeingia kwenye kihenge, na mnunuzi ameshafika. Anaitwa Liberatus, anatoka Mbeya na lori. Ni mtu mtaratibu sana. Viatu vyake havina hata tope moja, na huku Usangu hilo si jambo dogo. Alipofika alitoa kiti cha mzee ndani yeye mwenyewe, akakiweka upande wa kivuli kikielekea barabarani, akamwambia, "Kaa hapo, mzee wangu, umri wako si wa kusimama na vumbi. Vijana wangu watapima." Debe amekuja nalo mwenyewe ili asimsumbue mtu. Nilimwambia Nyamizi kwamba laiti kila mtu angewaheshimu wazee namna hiyo.

"Wifi," alisema Nyamizi, "wewe ukiona mtu amechana nywele unafikiri ni malaika."

Nyamizi ana ulimi mkali. Sijui kama ananipenda.

Ila kile kiti kimenipa wazo. Ni kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, kipara, hakina hata kitambaa. Mimi sina ruhusa ya kusema na mzee, lakini hakuna aliyekataza uzi kusema. Nitamdarizia kitambaa cha kufunika mgongo wa kiti chake. Na maneno ninayo, ni nukuu niliyoipenda kuliko zote, ile Mwalimu Anania aliyoipigia mistari miwili: *Keti, baba, nyumba yote imeegemea mgongo wako.*

18 Mei

Nimeanza. Uzi wa kijani kwa maneno, wa njano kwa masuke ya mpunga pembeni.

21 Mei

Nimefumua neno "imeegemea" mara mbili. Lina herufi nyingi kama treni.

26 Mei

Kitambaa kimekwisha. Mama mkwe amekipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akakipeleka kwenye kiti mwenyewe. Mimi nilijificha jikoni nikichungulia kwenye ufa wa mlango. Mzee hakukaa. Alisimama mbele ya kiti akiwa ameshika mikono nyuma, akasoma taratibu, akinong'ona kila silabi. Kisha akasoma tena. Kisha akavua kofia yake ndipo akakaa, polepole, kama mtu anayekalia kitu kilicho hai.

"Polisi," alisema baada ya muda, "mtu aliyeandika hivi ana macho."

Nimelia jikoni mpaka Nyamizi akaniuliza kama ni kitunguu.

27 Mei

Seni amenibeba kutoka mlangoni hadi kitandani kwa sababu ya kitambaa. Akajigonga kichwa kwenye mwimo wa mlango. Hatukujali.

1 Juni

Liberatus amerudi na lori. Aliposoma kitambaa alicheka kwa furaha, akasema maneno ya maana kama hayo hajawahi kuyaona hata kwenye ofisi za watu wakubwa. Akayashika kichwani papo hapo. Kila mzee alipoinuka kidogo kutazama vijana wanavyopima, Liberatus alimwekea mkono begani na kusema, "Keti, baba. Nyumba yote imeegemea mgongo wako." Na mzee alikaa, anatabasamu. Mara nne au tano. Nilijisikia kama mtunzi.

6 Juni

Nyamizi amefagia kihenge. Anasema mwaka jana mpunga wa shamba hilohilo ulitoa magunia mengi zaidi, na mwaka huu mvua ilikuwa nzuri kuliko mwaka jana. Mama amesema labda ni ndege. Nyamizi akasema basi ni ndege wenye lori.

9 Juni, Kilolo

Nimekuja nyumbani kwa kipaimara cha mdogo wangu. Baridi ya Kilolo imenipokea kama mama mdogo mwenye maneno mengi. Mama yangu ananitazama tumbo kila nikigeuka. Nimemwambia atulie.

11 Juni, Iringa mjini

Mungu wangu, naandika nikiwa stendi, basi bado halijajaa.

Nilipita mjini kununua nyuzi kwenye duka la Mzee Pravin, ambako nimenunua nyuzi tangu nikiwa shule. Kwenye kaunta alikuwepo binti yake, Komal, ambaye siku hizi ndiye anayeendesha duka. Tukaongea. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya kitambaa cha mzee, maana ninaionyesha kwa kila mtu, hata kondakta ameiona. Komal akaivuta picha karibu, akasoma, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Dada Violet, hii umemdarizia baba mkwe?"

"Ndiyo. Unaijua?"

"Naijua? Mimi ndiye niliyekuwa naisema. Shuleni kwetu tuliicheza hiyo tamthilia, nikapewa kuwa mpwa wa mzee mwenye kinu."

Nikamwambia sisi hatukuicheza wala kuiona, tulikariri tu. Basi Komal akatoka nyuma ya kaunta, akavuta stuli katikati ya duka, akamkalisha baba yake juu yake. Mzee Pravin alikuwa anakunywa chai, akakaa nayo mkononi.

"Huyu ni mzee mwenye kinu cha kusaga ngano," alisema Komal. "Tajiri, mjane, anapenda kusifiwa. Mimi ni mpwa wake. Nataka unga wake wote. Sasa, namweka kwenye kiti karibu na moto, anaangalia moto. Nyuma yake kuna dirisha. Nje ya dirisha wako watu wangu." Akamwekea baba yake mkono begani, akabadilisha sauti ikawa laini kama mafuta ya nazi, akasema kwa Kiingereza maneno yangu yote, yale yale. Huku mkono wake wa pili, nyuma ya mgongo wa baba yake, unawaashiria watu wa kufikirika watoe magunia dirishani.

"Anamwambia hivyo ili asigeuke," alisema. "Kila mzee akisikia kishindo akitaka kuinuka, mpwa anarudia. Watazamaji walikuwa wanakufa kwa kucheka."

Mzee Pravin aligeuka kuangalia kama kweli kuna kitu kimetolewa dukani.

Nimemvisha mkwe wangu maneno ya mwizi mgongoni. Yule yule mzee ambaye hajaingia nyumba ya mwanawe kwa ajili ya uongo mmoja wa ndama.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu ile ya baridi. Wewe peke yako unanisahaulisha baridi. Nani anamwambia nani?

Komal aliuma midomo. "Mpishi," alisema. "Anamwambia bata aliyemchoma."

"Na mwisho wake? Yule mzee alifanya nini?"

"Sijui, dada. Umeme ulikatika sehemu ya nne, wageni wakaondoka, na mimi nilikuwa nimekariri sehemu zangu tu."

Kwa hiyo hata yeye.

12 Juni

Nimemwambia Seni yote tukiwa kitandani, kila mmoja kwenye foronya yake. Aliigeuza foronya yake akaisoma, nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Kwa hiyo muda wote ule wa uchumba, mimi nilikuwa bata."

"Seni, mimi niko serious."

"Na mimi pia. Nilikuwa bata na sikujua. Lakini Vai, yule mpishi alikuwa na baridi kweli, na bata alikuwa wa moto kweli. Pale hakuna uongo."

Nampenda mpaka nashindwa kuandika sawasawa. Lakini kuhusu baba yake hakuwa na utani. Aliniuliza nataka kufanyaje. Nikasema nitakiiba kitambaa nikifue, kipotee mferejini. Akaniuliza, "Kama ndama?"

Nikageukia ukutani.

13 Juni

Nimeamkia kwa wakwe nikiwa na nia ya kukiiba hata hivyo. Mzee amekilalia. Anasinzia kwenye kiti mchana kutwa, na Polisi miguuni.

14 Juni

Bwana harusi wangu ananipigia simu kutoka kazini anasema, "Halo, bata hapa." Mafundi wenzake wameshaanza kumwita hivyo hivyo.

16 Juni

Mama mkwe amekuja mwenyewe kwa miguu mpaka Igawa, kitenge kipya begani, akiwa na habari. Mzee anakuja kula kwetu siku ya Jumamosi.

Kabla sijapiga kigelegele akaendelea. "Na amesema anataka kusikia habari ya yale maneno. Yametoka wapi, aliyasema nani. Anasema mtu akikupa maneno mazuri ni lazima ujue yamezaliwa kwenye nyumba gani."

Nikamwuliza mama kama mzee anapenda hadithi ndefu au fupi. Akasema anapenda za kweli.

18 Juni

Nimetunga hadithi nyingine kichwani. Mfalme mwema, mwanawe mwema, kiti, baraka. Ni nzuri. Inaweza hata kuwatoa watu machozi. Nilimsimulia Nyamizi kwa majaribio, naye alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Nzuri," alisema. "Ya kweli iko wapi?"

Sijui alijuaje. Nikamwambia ya kweli. Nilitegemea ulimi wake, lakini aliweka ungo chini akanishika mkono. "Wifi, mke wa Nashoni naye alikuwa anampenda mzee. Aliogopa tu. Mimi nilikuwepo siku ile nikamwona anaamua." Akarudia kuchambua mchele. "Ukisema ya mfalme, mimi sitakuchongea. Lakini mwaka hadi mwaka utakuwa unamwangalia Polisi na kuogopa."

Nimekosea sana kuhusu Nyamizi.

20 Juni

Naandika Jumamosi hii mpaka mwisho hata kama taa ya sola itazima.

Walikuja jioni mapema, mama mbele, Nyamizi nyuma, na mzee katikati amevaa koti la suti na ndala. Polisi alikuja bila kualikwa. Nyamizi alikuwa amebeba kile kiti kichwani, na kitambaa juu yake, kwa sababu mzee alisema hatakaa kwenye kochi la watu wa mjini. Kikawekwa mbele ya meza. Mimi nikapiga magoti nje ya mlango nikasalimia, macho chini, nikaona ndala zake tu zinapita kizingiti. Ndala zenye tope, zikaingia nyumbani kwangu. Nimefuta sakafu lakini alama moja nimeiacha.

Nilikuwa nimepika wali wa mpunga mpya, kuku wa kienyeji, maziwa ya mgando. Nilikaa jikoni nyuma ya pazia na Nyamizi alikuwa anapeleka na kurudisha. Nikasikia vijiko. Kisha nikasikia sauti yake.

"Polisi, kabla sijala, nataka ile habari."

Kabla hajala. Sikutegemea hivyo. Nilidhani atakula kwanza, kisha litakalokuwa na liwe. Sasa sahani ilikuwa mbele yake na kijiko kimelala.

Seni alikohoa. Nyamizi aliingia jikoni akasimama karibu nami. Sikuweza kusema na mzee, kwa hiyo nilisema na Nyamizi, kwa sauti ya kupita pazia.

"Wifi," nilisema, "hayo maneno ni ya Waingereza wa zamani, wa kwenye mchezo wa jukwaani. Mimi niliyakariri shuleni bila kujua kisa chake. Nikayapenda kwa sura yake. Nimekuja kujua kisa juzi tu, kitambaa kikiwa tayari kiko kwenye kiti. Mtu anayeyasema ni mwizi."

Hata mama aliacha kutafuna.

Nikaendelea kwa sababu kama ningesimama nisingeweza tena. Nikaeleza kinu, kiti, moto, dirisha. Nikaeleza mkono mmoja begani mwa mzee na mkono mwingine unaoita magunia. Nikasema, "Kila mzee alipotaka kuinuka, yule alimwambia aketi. Mimi nilitaka kumwambia baba kwamba ni nguzo yetu, wifi. Nikachukua maneno ya mtu aliyekuwa anamwibia unga. Nimekosea, na kitambaa nitakifumua chote."

Nilisikia kiti kinalia. Nilifumba macho, kama vile ningeweza kuona kitu kupitia pazia.

"Polisi," alisema mzee. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayehesabu ng'ombe na amepoteza mmoja. "Magunia yalikuwa yanatokea dirisha gani?"

"La nyuma, wifi," nikasema. "Nyuma ya mgongo wake."

"Na yeye anaangalia wapi?"

"Anaangalia moto."

"Mimi naangalia barabara," alisema Mzee Bujiku.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Nadhani Nyamizi ndiye wa kwanza, kwa sababu alishika pazia na kulivuta nusu.

"Kiti kinawekwa kivulini," alisema mzee taratibu. "Mkono unakuja begani. Keti, baba. Nami naketi. Nyamizi, mwaka jana mpunga ulipimwa kwa debe la nani?"

"Letu, baba."

"Na mwaka huu?"

"La Liberatus."

Mama mkwe akasema neno la Kisukuma ambalo Seni amekataa kunitafsiria.

Kisha mzee akauliza, "Polisi, yule mzee wa Kiingereza alifanya nini mwishoni?"

Nikasema ukweli tena, maana sasa nilikuwa nimezoea. "Hatujui, wifi. Umeme ulikatika."

Basi Mzee Bujiku akacheka. Sijawahi kumsikia anacheka. Kicheko chake ni kikubwa, kinaanza chini kama pawatila asubuhi ya baridi, kinagoma, kisha kinawaka. Alicheka mpaka mama naye akacheka, na Seni, na mimi nikakaa chini kwenye mfuko wa mkaa nikacheka huku nalia.

Na katikati ya kicheko nikasikia kijiko kimegonga sahani. Alikuwa anakula.

Alikula sahani mbili. Alipomaliza alisema, "Polisi, mwambie mwanangu wali umeiva."

Hakusema mkwe. Amesema mwanangu. Seni alishuhudia, mama alishuhudia, na Polisi aliyepewa ujumbe alikuwa anatafuna mfupa nje.

22 Juni

Leo nimekwenda kwa wakwe ili nisikose. Liberatus alifika na viatu vyake safi, akatoa kiti, akakiweka kivulini, kitambaa kikapepea. Mzee alikaa kama kawaida. Vijana wakaanza kupima. Mzee akainuka kidogo. Mkono ukaja begani.

"Keti, baba," alisema Liberatus, anatabasamu. "Nyumba yote imeegemea mgongo wako."

"Basi acha nisimame," alisema Mzee Bujiku, "tuone nani ataanguka."

Akasimama. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa wapimaji, mbele ya macho ya watu wote, akachukua debe la Liberatus, akampa Seni. Seni ni fundi wa chuma, hakuhitaji kuvaa miwani. Akapitisha kidole ndani. "Hili limepigwa nyundo kwa ndani, baba. Limetanuliwa tumbo." Nyamizi alikuwa ameshaleta debe letu. Walijaza letu kwa pishi mpaka likafurika, wakamimina kwenye lile la Liberatus, na mpunga haukufika juu. Haukukaribia juu.

Liberatus alisema debe lilianguka kutoka kwenye lori. Nyamizi akamwuliza kama lilianguka kwa ndani.

Majirani walikusanyika. Hakuna aliyepigwa. Mzee alimwambia kwa upole kwamba yeye Liberatus atapima upya mpunga wote aliouchukua hapa na kuuweka ghalani kwake, kwa debe la nyumba hii, na mwenyekiti wa kijiji akiwa amekaa kwenye kiti kile. Liberatus akakubali kabla sentensi haijaisha. Alipokuwa anapanda lori niliona viatu vyake. Vilikuwa na tope mpaka kwenye kamba, na nilijisikia vibaya kwa kufurahi, lakini nilifurahi.

25 Juni

Wapimaji wamemaliza. Kihenge cha wakwe kimerudishiwa kilicho chake. Nashoni ameitwa. Sijui mzee alimwambia nini, ila nimesikia kwamba Jumapili mzee anakula kwake, na mke wa Nashoni amekuja kwangu kuuliza kuku wangu niliwapika na nini.

30 Juni

Mama mkwe ameleta kitambaa nyumbani kwangu. Nilidhani ni cha kufumua. Akasema mzee hataki kifumuliwe hata uzi mmoja. Amesema maneno ya mwizi yabaki, ili kila anayekuja ayasome na yeye mzee amwangalie usoni anaposoma. Lakini anataka chini yake yaandikwe na majibu.

Siku hizi nyumba nzima inayatumia maneno hayo. Nyamizi akitaka nimwoshee vyombo ananisifia nywele kwanza, nami namjibu, "Keti, baba," tunacheka. Seni akiniambia mimi ndiye mpishi bora Igawa kabla ya kuomba kwenda kuangalia mpira, naye anajibiwa hivyo hivyo. Nilikariri nukuu hiyo miaka minne iliyopita kwa ajili ya alama mbili za mtihani. Sijui kama Mwalimu Anania angenipa hata moja kwa jinsi tunavyoitumia.

4 Julai

Baridi imeshika. Ukungu hauondoki mpaka saa nne. Bata wangu amelala.

8 Julai

Nimemaliza. Uzi wa kijani juu kwa maneno ya mpwa, uzi mwekundu chini kwa maneno ya baba mkwe wangu, na masuke ya njano katikati yakiwatenganisha.

*Keti, baba, nyumba yote imeegemea mgongo wako.*
*Basi acha nisimame, tuone nani ataanguka.*

Nimekipeleka mwenyewe. Mzee alikuwa amesimama uani, kofia mkononi, amenipa mgongo kama kawaida. Mama alikitandaza kwenye kiti. Mzee akasoma mstari wa kwanza kwa kunong'ona, akasoma wa pili kwa sauti.

"Polisi," alisema, "mwambie mwanangu huyo mzee wa Kiingereza sasa amejibu."

Nikamwambia Polisi amwambie baba kwamba ndiyo, amejibu. Polisi alipiga miayo. Baba akakaa, akauegemeza mgongo wake kwenye maneno yake mwenyewe, na kiti chake, nilipoangalia, hakikuwa kimeelekea barabarani. Alikuwa amekigeuza kukiangalia kihenge.